Minyoo ya tumbo: Kwa nini tiba huchelewa kuwafikia walio mbali

MTU anayepita Mwembe Tayari, katikati ya kisiwa cha Mombasa, hana shida kubwa kupata dawa ya minyoo. Maduka ya dawa hayako mbali na soko wala vituo vya mabasi, na kidonge kimoja cha albendazole huuzwa kwa bei ambayo hata kibarua anaweza kuimudu. Lakini kwa mkazi wa vijiji vya Waboni vilivyo msituni Lamu Mashariki, kukipata kidonge hicho kumetegemea kwa miaka mingi kama zahanati imefunguliwa, kama barabara inapitika na kama kuna usalama.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha tatizo la minyoo ya tumbo katika Afrika Mashariki. Si ugonjwa wa ajabu. Chanzo chake chajulikana, hupimwa kwa darubini ya kawaida, na dawa zake zimetumika kwa miongo kadhaa. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.5 wana minyoo inayoenezwa kupitia udongo. Wengi wao ni wale wasio na vyoo wala maji safi, na miongoni mwao jamii ndogo zinazoishi misituni, visiwani na mipakani ndizo aghalabu huwa za mwisho kufikiwa na huduma.

Funzo la zamani

Kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji, Mwembe Tayari ulipata jina lake kutokana na mwembe ambao chini yake misafara ya wapagazi ilikuwa ikikusanyika, kila mtu akiwa tayari kwa safari ya bara. Si mbali na hapo, kando ya Barabara ya Jomo Kenyatta, ipo sanamu iliyowekwa miaka ya 1920 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliotumika katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kati ya mwaka 1914 na 1918.

Makumi ya maelfu ya wapagazi hao hawakurudi makwao. Wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa maradhi, hasa malaria, homa ya mapafu na kuhara damu. Walikusanywa kambini kwa wingi bila vyoo vya kutosha, wakanywa maji machafu na kula unga wa mahindi ambao haukuiva sawasawa. Kuhara damu huko kulisababishwa na bakteria na pia na amiba, kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho ambacho hushambulia utumbo mpana.

Funzo la wakati huo halijapitwa na wakati. Vimelea vya tumbo hufuata namna watu wanavyoishi. Watu wakikusanywa mahali pamoja pasipo na choo, udongo na maji ya mahali hapo hugeuka kuwa njia ya ugonjwa. Jambo hilo ndilo linaloeleza yaliyozifika jamii kadhaa za wawindaji baada ya kutolewa msituni.

Wageni watatu wa utumbo

Minyoo inayoenezwa kwa udongo ni ya aina tatu kuu. Wa kwanza ni mnyoo wa duara, ambao ndio mkubwa kuliko yote. Jike lake hufikia urefu wa sentimita 20 hadi 35 na huweza kutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku. Mayai hayo hutoka na choo, na yakiangukia udongo wenye unyevunyevu na kivuli hukomaa kwa wiki mbili au zaidi. Yana ganda gumu linaloyawezesha kukaa udongoni kwa miaka. Mtu huambukizwa anapoyala bila kujua, kwa mfano kwenye mboga zisizooshwa au kwa mikono michafu. Mtoto mwenye minyoo mingi ya aina hii huweza kuzibika utumbo na kuhitaji upasuaji.

Wa pili ni mnyoo mjeledi, wenye urefu wa sentimita tatu hadi tano, uitwao hivyo kwa sababu sehemu yake ya mbele ni nyembamba mfano wa kamba ya mjeledi. Huichoma sehemu hiyo katika ukuta wa utumbo mpana na kubaki hapo. Ukizidi, mtoto huhara mara kwa mara, hutoa damu katika choo na kudumaa.

Wa tatu ni mnyoo wa safura. Ni mdogo, urefu wake hauzidi kwa kiasi kikubwa sentimita moja, lakini madhara yake ni makubwa kwa sababu chakula chake ni damu. Tofauti na wenzake wawili, huyu hasubiri kuliwa. Mayai yake huanguliwa udongoni baada ya siku moja au mbili, na baada ya siku tano hadi kumi viluwiluwi huwa tayari kupenya ngozi ya mguu ulio peku. Mtu huhisi mwasho katikati ya vidole, kisha husahau. Kumbe kiluwiluwi kimekwisha kuingia katika mshipa, kikasafiri na damu hadi mapafuni, kikapanda kooni na kumezwa na kuingia katika utumbo mwembamba. Humo hujishikiza na kuanza kunyonya.

Mnyoo mmoja wa safura hunyonya damu kidogo mno. Lakini mtu mwenye mamia yake hupoteza damu kila siku, mwezi baada ya mwezi, na madini ya chuma mwilini humwishia. Hupauka, huchoka upesi, moyo humwenda mbio kwa kazi ndogo tu. Hali hiyo ni ya hatari zaidi kwa mjamzito, kwani upungufu wa damu huhatarisha maisha yake wakati wa kujifungua na huweza kumfanya azae mtoto mwenye uzito mdogo.

Ukubwa wa hasara hiyo ulipimwa katika kisiwa cha Pemba. Utafiti uliofanywa miongoni mwa wanafunzi wa huko na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba zaidi ya watoto sita kati ya kila kumi walikuwa na upungufu wa damu. Robo ya hali hiyo ilitokana na safura. Walipotazamwa watoto wenye upungufu mkali peke yao, mchango wa safura ulifikia asilimia 73. Kwa maneno mengine, kama safura isingekuwapo, karibu watatu kati ya kila watoto wanne waliokuwa katika hali mbaya zaidi wangeepukana nayo.

Kwa nini Pwani

Ukanda wa Pwani una karibu kila kitu ambacho safura hukihitaji. Udongo wake wa kichanga hupitisha hewa na humruhusu kiluwiluwi kujongea. Joto halipungui sana mwaka mzima, mvua za masika na vuli huleta unyevu, na vivuli vya minazi, miembe na mikorosho huzuia jua kuikausha ardhi. Ikiongezwa desturi ya kutembea peku na uhaba wa vyoo vijijini, mzunguko hukamilika.

Mjini Mombasa sura ya tatizo ni nyingine. Sakafu ya saruji na barabara ya lami hazimfai mnyoo wa safura. Lakini katika mitaa yenye msongamano, ambako vyoo vya shimo na visima vifupi vimechimbwa karibu karibu, hatari kubwa ni mayai ya minyoo ya duara na vimelea vinavyoenezwa kwa maji, kama vile amiba na giadia. Mboga zinazouzwa mjini nazo huweza kubeba mayai ikiwa shamba lilimwagiliwa kwa maji machafu au mboga zenyewe zikarashiwa maji yasiyo salama ili zisinyauke. Ndiyo maana mkazi wa kisiwani hapaswi kudhani kwamba jambo hili ni la watu wa msituni pekee.

Msituni, kuhama kulikuwa kinga

Waboni, ambao wenyewe hujiita Waaweer, waliishi kwa uwindaji, asali na matunda ya mwituni katika misitu ya Lamu inayopakana na Somalia. Wenzao wa namna hiyo ni Wawatha wa Kilifi na Tana River, Wahadza wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, na Wabatwa wa kusini-magharibi mwa Uganda.

Wengi hudhani kwamba watu wa msituni lazima wawe na minyoo zaidi ya wengine. Ukitazama maisha ya minyoo yenyewe, utaona kwamba mambo si mepesi hivyo. Yai la mnyoo wa duara huhitaji wiki kadhaa udongoni kabla ya kuweza kuambukiza, na kiluwiluwi cha safura huhitaji siku kadhaa. Kundi dogo la watu linalohama kambi baada ya muda mfupi huwa limekwisha kuondoka kabla udongo wa mahali hapo haujawa wa hatari. Wakati viluwiluwi vinapokuwa tayari, hakuna mguu wa kupenya, na baada ya wiki chache hufa.

Hali hubadilika watu hao wanapolazimika kukaa mahali pamoja. Katika miaka ya 1960, wakati wa vita vya Shifta, Waboni walikusanywa katika vijiji kando ya barabara. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji nchini kote, na njia yao kuu ya maisha ikafungwa kisheria. Nchini Uganda, Wabatwa walitolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga mwaka 1991 ilipotangazwa kuwa mbuga za taifa, na wengi wakabaki kuwa maskwota pembezoni mwa mashamba ya watu wengine.

Waliondolewa katika maisha yaliyokuwa na kinga yake ya asili wakaingizwa katika maisha ya kijiji, lakini hawakupewa vile vinavyokifanya kijiji kuwa salama, yaani choo, kisima, zahanati na viatu. Walikusanywa kama wapagazi wa zamani walivyokusanywa kambini. Chakula nacho kilibadilika, nyama na asali zikapungua, na mwili usiopata madini ya chuma ya kutosha huumia upesi zaidi safura inapoingia.

Kwa Waboni, ukosefu wa usalama uliongeza uzito wa mzigo huo. Baada ya mashambulizi ya mwaka 2014 yaliyoanzia Mpeketoni na yale yaliyofuata, shule na zahanati kadhaa za wadi ya Basuba zilifungwa kwa muda mrefu, na mwaka 2015 serikali ilianzisha operesheni ya kijeshi katika msitu wa Boni. Wahudumu wa afya waliondoka. Wagonjwa walilazimika kusafiri mbali kwa miguu, au kungoja madaktari wa kujitolea na wanajeshi. Shirika la Safari Doctors, lililoanzishwa na Umra Omar wa Lamu mwaka 2015, lilianza kupeleka matibabu kwa mashua katika vijiji vya kaskazini mwa kaunti hiyo ambavyo havikuwa na huduma.

Kidonge cha shuleni

Kenya ina historia ndefu katika vita dhidi ya minyoo. Kati ya mwaka 1998 na 2001, mradi uliotekelezwa katika shule za msingi wilayani Busia ulionyesha kwamba watoto waliopewa dawa walipunguza utoro wa shule, na kwamba hata majirani wao ambao hawakupewa walinufaika kwa sababu mayai yalipungua udongoni. Matokeo hayo, yaliyoandikwa na wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer mwaka 2004, yalizua mjadala mkali miongoni mwa wataalamu. Baadhi yao walihoji namna takwimu zilivyochambuliwa. Hata hivyo, wahusika wa mradi huo walifuatiliwa kwa miaka 20, na ripoti ya mwaka 2021 ilieleza kwamba waliopata dawa kwa miaka zaidi walikuwa na mapato ya kila saa yaliyozidi ya wenzao kwa asilimia 13.

Mnamo mwaka 2001, Baraza la Afya Duniani lilizitaka nchi zenye tatizo hilo kuwapa dawa angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio hatarini. Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa mwaka 2009, ukasimama, kisha ukaanza tena mwaka 2012 chini ya wizara za elimu na afya. Walimu walifundishwa kugawa vidonge, na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI) ikapima matokeo. Mwaka 2012, takriban theluthi moja ya watoto waliopimwa katika maeneo ya mpango walikuwa na minyoo. Miaka mitano baadaye kiwango hicho kilikuwa kimepungua kwa zaidi ya nusu.

Gharama ya kumtibu mtoto mmoja kwa mwaka katika mpango wa aina hiyo haifiki dola moja ya Marekani, kwa kuwa watengenezaji hutoa dawa bila malipo na mwalimu tayari yuko darasani. Lakini hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Mpango unaotegemea shule huenda kule shule iliko. Mahali ambapo shule imefungwa, ambapo mtoto huchunga mifugo au hufuatana na wazazi katika uvuvi na kurina asali, kidonge hakifiki. Takwimu za taifa zinaweza kupendeza huku kijiji kimoja cha mbali kikiwa hakijaguswa.

Yaliyobainika Kwale

Udhaifu wa pili unamhusu mnyoo wa safura mwenyewe. Minyoo ya duara na mjeledi hupatikana zaidi kwa watoto. Safura haiko hivyo. Maambukizi yake huongezeka kadiri mtu anavyokua, na watu wazima, wakulima na akina mama, ndio hifadhi yake kubwa. Kumtibu mtoto peke yake na kumwacha mzazi ni sawa na kufuta maji sakafuni bila kufunga mfereji.

Jambo hilo lilithibitishwa katika kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa, kupitia utafiti ulioitwa TUMIKIA uliofanywa kati ya mwaka 2015 na 2017. Maeneo 120 yaligawanywa katika makundi matatu kwa kura. Kundi la kwanza lilipata dawa shuleni mara moja kwa mwaka, la pili likapewa dawa nyumba kwa nyumba kwa watu wa rika zote mara moja kwa mwaka, na la tatu likapewa hivyo hivyo mara mbili kwa mwaka.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikuwa wazi. Baada ya miezi 24, safura katika kundi la shule ilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Katika kundi la nyumba kwa nyumba mara moja kwa mwaka, ilishuka kutoka asilimia 17.9 hadi 8.0. Palipogawiwa dawa mara mbili kwa mwaka, ilishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2.

Kwa jamii zilizo mbali, maana ya takwimu hizo ni kubwa. Mhudumu wa afya wa kijiji anayebisha hodi kila mlango hahitaji jengo la shule. Humkuta bibi, mjamzito, kijana aliyeacha masomo na mtoto asiyefika umri wa kwenda shule. Mfano mwingine ulitoka katika vita dhidi ya matende na mabusha. Mwaka 2018, Kenya ilianza kugawa dawa tatu kwa pamoja katika Jomvu, Mombasa, na Lamu Mashariki, eneo ambalo wadi ya Basuba ni sehemu yake. Mojawapo ya dawa hizo ni albendazole, ambayo huua pia minyoo ya safura. Safari moja ya mhudumu huweza hivyo kutibu maradhi mawili, na kwa kijiji kinachofikiwa kwa nadra, kila safari lazima itumike vizuri.

Dawa na mipaka yake

Dozi moja ya albendazole yenye miligramu 400 humaliza minyoo ya duara kwa watu wengi na hupunguza sana safura. Mebendazole ya dozi moja haina nguvu kubwa dhidi ya safura. Kwa mnyoo mjeledi, dawa zote mbili ni dhaifu zikitolewa mara moja. Ili kuondoa upungufu huo, watafiti walijaribu kidonge kilichochanganya albendazole na ivermectin huko Ethiopia, Msumbiji na Kwale. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba albendazole peke yake iliponya karibu theluthi moja tu ya watoto wenye mnyoo mjeledi, ilhali dozi moja ya mchanganyiko iliponya zaidi ya wanne kati ya kila watano.

Ikumbukwe pia kwamba dawa hizi haziachi kinga mwilini. Mtu aliyepona leo huweza kuambukizwa tena wiki ijayo akirudi kukanyaga udongo ule ule. Aidha, kichocho, ambacho hupatikana sana Kwale, Kilifi na Tana River, hakitibiwi kwa albendazole. Dawa yake ni praziquantel.

Wako wanaouliza kama minyoo yote ni adui. Swali hilo lina msingi. Miongoni mwa Watsimane, wenyeji wa misitu ya Bolivia, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulibaini kwamba wanawake wenye minyoo ya duara walipata mimba upesi zaidi na wenye safura walichelewa, dalili kwamba vimelea hivi huugusa mfumo wa kinga ya mwili kwa njia ambazo sayansi bado inazichunguza. Lakini udadisi huo wa maabara si sababu ya kumwacha mtoto wa Basuba au Bwindi apungukiwe na damu. Jamii hizi zimechunguzwa mara nyingi na wageni, na haki ya kwanza ya anayetoa choo chake kipimwe ni kuelezwa kilichoonekana na kupewa tiba.

Chango na mitishamba

Katika lugha ya Pwani, neno chango hubeba maana nyingi. Humaanisha minyoo, lakini pia hutumiwa kwa msokoto wa tumbo, maumivu ya hedhi na hata matatizo ya uzazi. Kwa hiyo mtu anayesema ana chango huenda hana minyoo kabisa, na mwenye minyoo huenda akatafuta dawa ya jambo jingine. Mwanamke mwenye maumivu ya nyonga huweza kunywa mizizi kwa miezi huku maradhi yake halisi yakiendelea.

Mitishamba haistahili kudharauliwa kwa jumla. Mbegu za papai, ambazo hutumika katika nyumba nyingi, zilijaribiwa kwa watoto 60 nchini Nigeria katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Zilipochanganywa na asali ziliondoa vimelea kwa watoto 23 kati ya 30, ilhali asali peke yake iliwasaidia watano kati ya 30. Hata hivyo, huo ulikuwa utafiti mdogo, na kipimo kinachofaa kwa kila umri hakijawekwa. Mwarobaini nao husifiwa sana, lakini haufai kupewa mtoto mchanga wala mjamzito. Pale ambapo kidonge kinapatikana, ndicho chenye uhakika zaidi.

Choo ndicho mwisho wa safari

Wataalamu wote hukubaliana kwamba dawa hupunguza mzigo, lakini kinachokata mzunguko ni choo. Kila yai la mnyoo lililoko udongoni lilitoka katika mwili wa mtu. Choo cha shimo kilichofunikwa, kinachotumiwa na kila mtu nyumbani, hulizuia yai hilo lisifike shambani wala kisimani. Ni muhimu kinyesi cha watoto wadogo nacho kitupwe chooni, kwani wazazi wengi hukiona hakina madhara, na kumbe watoto ndio wenye mayai mengi ya minyoo ya duara.

Mambo mengine yamo ndani ya uwezo wa familia. Mtoto avae ndara anapotoka nje. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kula. Mboga na matunda yanayoliwa mabichi yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka, na maji ya kisima yachemshwe. Katika maeneo yenye minyoo, watoto wapewe dawa kulingana na maelekezo ya wahudumu wa afya, na mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi miwili hupewa nusu ya dozi. Wadogo wasagiwe kidonge na kukorogewa maji ili wasipaliwe. Mjamzito asimeze dawa ya minyoo katika miezi mitatu ya kwanza, na baada ya hapo ashauriane na kliniki. Mwenye kutoa damu katika choo, kupauka au kuvimba tumbo asijinunulie dawa tu, bali apimwe.

Lakini familia ya msituni haiwezi kujijengea zahanati wala kujiletea usalama. Hilo ni jukumu la serikali ya kitaifa na za kaunti, ambazo tangu ugatuzi wa mwaka 2013 ndizo zinazosimamia zahanati na hospitali nyingi. Kupunguzwa kwa misaada ya Marekani mwaka 2025, iliyokuwa nguzo ya mapambano dhidi ya maradhi yaliyopuuzwa katika nchi nyingi za Afrika, kumeonyesha hatari ya kuegemea ukuta wa jirani. Mhudumu wa kijiji anayelipwa na kaunti yake, mwenye dawa mkobani na anayeijua lugha ya watu wake, hategemei uamuzi unaofanywa Washington.

Waswahili husema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa jamii ambazo kinga yao ya kale ilikuwa kuhama, na ambazo zimenyimwa msitu wa kuhamia, wanaodaiwa kinga mpya ni wale waliowaambia wakae mahali pamoja.